Shubiri Moja Chini ya Gari

Baba Naserian,

Nimekukasirikia, acha niseme hilo kwanza. Mtu gani anakufa gari ikibaki kupakwa rangi tu? Miaka minne tumegonga mabati pamoja hapa Kitengela, wewe fundi na mimi mwanafunzi wako, tukitengeneza gari ya kwanza ya spoti ya hii kampuni yetu ndogo. Halafu unaniacha na watu wa tai!

Hata udongo wa kaburi lako haujakauka, meneja akaniita. Eti gari iko juu kama pikapu ya kubeba mbuzi. Eti ya spoti lazima ilale chini kama zile za kwenye picha. Nikamwambia kipimo ni chako. Akauliza kimeandikwa wapi. Kimeandikwa wapi, mzee? Ulikuwa unaingiza mkono chini ya gari, unapima shubiri moja, basi. Hakuna mtu aliwahi kuandika, kwa sababu mkono wako ulikuwa hapo kila siku. Nikanyamaza, wakakata springi ili gari ishuke. Nisamehe kwa hiyo.

Siku ya majaribio tukaenda Kajiado na wakubwa wote. Kufika kwa tuta la karibu na soko la mifugo, gari ikakwama tumbo! Magurudumu yanazunguka bure. Na ilikuwa siku ya soko. Wanaume wanane wakaacha ng'ombe wao wakaja kuinua gari, vile huko kwenu mnainuaga ng'ombe aliyeanguka wakati wa kiangazi. Mmoja akaniuliza kama imekunywa maji. Nilitaka ardhi inimeze.

Kesho yake meneja akasema basi, tuagize gari kutoka nje, tubandike jina letu tu. Nikakataa. Mbele ya wote, mimi Ciku, yule ulikuwa unaniambia niongee kama mtu amekula! Nikamwambia anipe wiki moja, na isipopita lile tuta, naenda nyumbani mwenyewe.

Nikaweka springi mpya. Nikapima kwa mkono wangu, na kwa kuwa wangu ni mdogo, nikaongeza vidole viwili. Halafu nikaandika kipimo ukutani kwa rangi nyekundu, na jina lako juu yake. Wafute waone.

Jana imepita, mzee! Nikiwa kwa usukani, na haikukwaruza hata kidogo. Meneja bado anaiita pikapu. Aite. Itatoka hapa ikiwa juu, ama mimi siko.

Sijakuja kaburini tangu tukuzike. Sikuwa na uso wa kuja. Sasa niko nao. Njia ya kwenu unaijua, lami ikiisha ni mawe na makorongo mpaka kwa boma. Jumapili nakuja, na siji kwa miguu.

Lala salama, Baba Naserian. Ashe oleng, asante sana kwa lugha yenu, kwa yote uliyonifunza. Nitaiegesha kando yako, na sitazima injini mpaka Mama Naserian atoke kunigombeza.

Ciku wako