Rangi Mbili za Baba Upendo

Ipogolo, Jumanne

Leo tena ng'ombe wetu Sikujua hajacheua. Ng'ombe asiyecheua si ng'ombe tena.

Yote ni rangi mbili za mume wangu, vile vidonge vya antibiotiki. Mtoto akiharisha, rangi mbili. Kuku akikohoa, rangi mbili. Jumamosi ng'ombe kaharisha kidogo tu, Baba Upendo akafungua vidonge vya watu, akakoroga kwenye maji, akamnywesha bila kuniambia.

Bwana mifugo kaja mchana, kaweka sikio ubavuni. Kimya.

"Mama, ng'ombe hayeyushi majani peke yake. Tumboni kuna vijidudu vinavyomfanyia hiyo kazi, na dawa yenu imeviua. Kaombe kwa jirani. Kile anachocheua ng'ombe mzima, mkitoe kidogo mdomoni, mumnyweshe huyu. Vitazaana upya."

Nikaenda kwa Mama Tumaini. Kwaya tunasimama bega kwa bega.

"Mama Upendo, leo unataka cha mdomoni mwa ng'ombe wangu. Kesho maziwa yangu yakikauka, nimuulize nani?"

Akafunga geti. Neno mchawi hakulitamka, ila nililisikia.

Ada inatoka kwenye maziwa; akifa Sikujua, Upendo harudi shule Januari. Baba yake kakaa jikoni, hata kumgombeza nimeshindwa.

Nimetoka kumpapasa Sikujua sasa hivi. Tumbo limejaa majani mpaka limekaza, na anakufa njaa.

Ng'ambo ya fensi namsikia ng'ombe wa Mama Tumaini. Anacheua.