Walii Yuko Tehran

Bulla Pesa, Isiolo
2 Juni 1979

Kaka Jama,
Salaam aleikum. Sisi wazima, Mama anasumbuliwa na magoti tu. Huko Tehran kumetulia tangu mapinduzi?

Kaka, Guyo Dima ameleta posa! Yule dereva wa lori la Sericho, uliyekuwa ukimcheka miguu. Mama amekubali, mimi usiniulize. Baba alikufa bila ndugu wa kiume, kwa hiyo walii wa kuniozesha ni wewe peke yako. Sheikh anasema ukimwandikia mtu barua awe wakala wako, ndoa itafungwa. Tufanyeje?

Dada yako mdogo, Asho

Tehran
20 Agosti 1979

Dada Asho,
Waaleikum salaam, na pole nyingi kwa Mama. Mimi mzima, ila chumba changu kimya mno.

Wakala wa nini? Dada ninaye mmoja. Mkono wa Guyo nitaushika mwenyewe siku ya nikaha. Ngoja nimalize mtihani. Profesa Varzandeh anayenifundisha sheria amekuwa mtu mkubwa, anahutubia redioni na anataka ubunge. Ni mkali wa dini, hacheki, lakini mimi ananiita mwanangu.

Kaka yako, Jama

Isiolo
11 Februari 1981

Kaka,
Salaam nyingi. Tunakula, tunalala, alhamdulillahi. Habari za vita vyenu tunasikia.

Mtihani ulipita? Mama yake Guyo ameanza kununa. Sheikh anasema walii akiwa mbali hivyo, kadhi anaweza kuniozesha. Nikamwambia mimi si mtu asiye na watu wake, kaka yangu anakuja. Utakuja lini?

Dada yako, Asho

Tehran
5 Julai 1981

Dada,
Salaam zimefika, niko salama.

Mtihani hakuna, vyuo vilifungwa. Profesa sasa ni mbunge, na anasaidia kuamua mwalimu gani arudi kufundisha. Wengine aliokuwa akinywa nao chai amewafukuza. Mimi namtafsiria magazeti ya Kiingereza. Ameniahidi chuo kikifunguliwa nitakuwa wa kwanza. Nikiondoka sasa nimepoteza yote. Nivumilie kidogo, usikubali kadhi.

Kaka yako, Jama

Isiolo
30 Oktoba 1984

Kaka,
Salaam. Uzima upo. Ukame umemaliza ng'ombe wa Guyo, lakini bado anakuja kukaa na Mama. Zamani nilikuwa nakasirika, sasa nimechoka tu. Profesa amechaguliwa tena? Mwambie nami nazeeka.

Asho

Tehran
19 Juni 1988

Dada yangu mpenzi,
Salaam aleikum. Najua nimenyamaza. Mama hajambo?

Chuo kilifunguliwa, nami nikabaki kumtafsiria Profesa magazeti. Sasa ameanguka uchaguzi. Vijana wanamwona wa kizamani. Jana alinifungulia mlango mwenyewe, nyumba tupu, tukanywa chai wawili tu. Nikamtazama, nikajiona. Nimekuwa mpweke sana hapa, Asho, nilikuwa naona haya kukuambia. Nakuja Desemba! Mwambie Guyo ajiandae.

Walii wako, Jama

Isiolo
8 Agosti 1988

Kaka Jama,
Waaleikum salaam. Mama yupo, macho yamefifia. Nimemsomea barua yako, akataka nirudie.

Kaka, mimi niliozwa na kadhi mwaka wa themanini na tano. Sikukuandikia kwa sababu ungesema nikungoje, na mimi ningengoja. Kadhi aliniuliza kama nina walii. Nikasema sina. Nikalia kwa sauti, na akina mama wakadhani ni haya ya bibi harusi, wakapiga vigelegele.

Njoo. Mama anakungoja.

Dada yako, Asho, mke wa Guyo