Viza ya Wifi Yangu

Jumapili, 5 Mei 2024

Nimerudi nyumbani Haltom City kutoka Pearland, kule karibu na Houston. Miguu imevimba, roho imevimba zaidi.

Jana ilikuwa mahari ya Zoé, mtoto wangu wa pekee. Ukoo wa mchumba wake Kiprop walikuja vizuri, Wakenya watu wa heshima, wazee wamevaa makoti kwenye joto lile la Houston. Shughuli ilikuwa nyumbani kwa wifi yangu Clothilde, dada ya marehemu mume wangu. Mimi niko jikoni kwake nakaanga samaki. Natoka na sinia — namkuta amesimama katikati ya wageni anasema, huyu mama yake alizaa tu, aliyelea ni mimi. Kule kambi ya wakimbizi mtoto akishikwa na malaria, mama yuko kwaya anacheza.

Watu wakacheka. Mzee mmoja aliniangalia mimi, halafu akaangalia samaki.

Kweli Zoé alikaa kwake alipokuwa chuo cha unesi. Sikatai. Lakini malaria ile nilimbeba mgongoni mpaka zahanati, mvua inatupiga, na kwaya sikuikanyaga mpaka alipopona. Mume wangu angekuwa hai, dada yake asingethubutu.

Bwana, umeona mwenyewe. Kisasi ni chako. Ila usichelewe.

Jumanne, 7 Mei

Zoé amepiga. Harusi itafungwa tarehe 8 Juni kisiwani, huko Karibea, kisiwa cha Waingereza. Ndiko Kiprop alikomvisha pete. Watakuwa watu wachache tu, na mchungaji, mchangani.

Nikauliza, na kitenge? Kwetu binti hatoki mpaka shangazi yake, dada ya baba, amfunge kitenge kiunoni na kumnenea baraka. Nilitaka tu nimsikie atasemaje.

Akasema, "Si Tantine Clothilde yupo? Mama, bila Tantine mimi sivai shela."

Nikasema sawa. Nimeosha sufuria moja mpaka imebaki kung'aa.

Jumapili, 12 Mei

Baada ya ibada pale Vickery Meadow, Placide alinivuta kando. Ni shemasi wetu, ndiye anayetukatia tiketi za ndege watu wote wa kanisa, na hizi za kisiwani, yangu na ya wifi, ni yeye.

"Mama Zoé, wewe una paspoti ya Amerika, utaingia bila shida. Wifi yako bado hajawa raia, ana kile kijitabu cha safari cha wakimbizi. Kile si paspoti, mama. Hata akionyesha green card yake, kisiwa kile kinataka aombe viza kabla hajaondoka, na majibu yanachukua wiki kadhaa. Nimempigia, hapokei."

"Anadhani unataka mchango wa kanisa," nikamwambia.

Akacheka. "Basi mwambie wewe. Leo leo."

Nikasema nitamwambia. Nilipofika kwenye gari nikajiona kwenye kioo. Nilikuwa natabasamu.

Jumatano, 15 Mei

Clothilde amepiga mwenyewe. Sauti tamu, kama hakuna kilichotokea.

"Wifi, wewe umeulizauliza mambo ya kisiwa. Nifundishe, nisije nikatia aibu."

Nikamfundisha. Dawa zake za presha azibebe kwenye chupa zake zenye jina lake. Asibebe nyama. Asibebe sombe mbichi, majani yetu yale ya muhogo, wala mbegu wala mche wowote, watu wa forodha watavitupa. Ndakala zake, vile visamaki vikavu, azitaje pale pale, asizifiche chini ya nguo. Awe na tiketi ya kurudi, na jina la hoteli alijue kwa kichwa. Na asivae nguo ya mabaka kama ya askari, huko ni kosa, hata mtoto mdogo haruhusiwi.

"Mimi na nguo za askari! Wifi, si ndizo nilizozikimbia vitani kule Fizi?"

Nikacheka. Clothilde anachekesha, hilo nimpe.

Akasema paspoti anayo, bado haijaisha muda. Ile paspoti yake ni kijitabu. Sisi wote tulikiita paspoti tulipofika, hakuna aliyetusahihisha. Nikasema, vizuri wifi.

Sikumdanganya. Viza hakuuliza. Hilo ndilo jibu langu mbele ya Mungu na nimeshaliandaa.

Alipokata simu alisema, Mungu akubariki, wifi, una moyo. Nikashika simu nimpigie tena. Halafu nikakumbuka vile nilivyosimama na lile sinia, sina pa kuliweka.

Jumapili, 19 Mei

Pentekoste. Placide mlangoni: umemwambia? Nikamjibu, tumeongea vizuri sana. Akainua mikono, haleluya.

Mchungaji alihubiri kusamehe. Alihubiri vizuri, watu walilia. Mimi nimefunga tangu juzi, na ninachoomba nakijua. Naomba niuone uso wake pale kaunta. Watu wawe wengi kwenye mstari. Wawepo na Wakenya.

Jumatatu, 27 Mei

Sikukuu, ghala limefungwa, sikwenda kazini. Nimenunua kitenge kizuri cha nta, chekundu na dhahabu. Nitamfunga mimi. Maneno ya baraka nayajua, nilinenewa mimi mwenyewe. Zoé atalia kidogo, halafu atanyamaza. Mama ni mama.

Nimejaribu kukifunga kwenye kiti. Kimekaa vizuri.

Alhamisi, 30 Mei

Placide alisema wiki kadhaa. Sasa hata nikimwambia haitasaidia. Basi. Nimelala usingizi mzuri.

Ijumaa, 7 Juni

Uwanja wa ndege, Houston. Nimekaa kwenye benchi, nje ya pale wanapokagua watu. Naandika ili nisimtazame.

Zoé na Kiprop walitangulia Jumatano. Mimi nililala kwa Clothilde, tumekuja pamoja asubuhi hii. Amevaa kofia ya manyoya, njia nzima anaimba.

Pale kaunta dada mmoja akachukua kijitabu, akakigeuza, akaita mwenzake. Wakauliza viza. Kiingereza cha Clothilde kilimkimbia kama kawaida yake. Akanigeukia. "Wifi, wanasemaje?"

Nikamwambia. Polepole, neno kwa neno, kwa Kiswahili ili asikie vizuri. Wanasema huendi.

Mstari ulikuwa mrefu nyuma yetu. Mungu alinipa yote niliyoomba, Wakenya tu ndio hawakuwepo. Uso wake niliuona, ulilegea kama wa mtoto aliyeachwa sokoni. Na nilifurahi. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma: nilifurahi mpaka meno yakauma.

Mimi wamenipa kadi yangu ya kupandia ndege.

Akampigia Zoé. Nilisikia kilio cha mtoto kikitoka kwenye simu. Nikaichukua, nikamwambia, mwanangu usilie, kitenge ninacho, nitakufunga mimi.

"Mama, wewe si shangazi." Halafu, "Namwambia Kiprop asiite mchungaji kesho. Sivai shela."

Nikamwambia, Zoé, mimi ni mama yako. Akasema, ndiyo, Mama, nani amekataa? Akakata.

Nilidhani Clothilde atalia. Hakulia. Amevua kofia, amejifuta, sasa ana hasira. Si mimi anayemkasirikia. Mimi ananishika mkono! "Wewe wifi ulinifundisha kila kitu, mpaka mabaka ya askari. Ni huyu shemasi. Kukata tiketi anajua, kusema hajui. Leo atanitambua."

Kwa mara ya kwanza anampigia Placide mwenyewe. Haikupokelewa. Anapiga tena.

Nimesema ndege itaniacha, wifi, acha niingie. Amesema kaa, dakika moja tu, wewe ni shahidi wangu. Hajaniachia mkono wa kushoto. Kitenge kiko ndani ya mkoba, mapajani mwangu.

Inaita.

Ningeweza kumwambia sasa hivi, kabla hajapokea. Sentensi moja tu. Mdomo wangu hautaki. Bado naona wale watu wanacheka.

Placide amepokea. Nasikia Bwana asifiwe yake ile ndefu. Clothilde anasema, ngoja shemasi, ngoja kwanza, nakuweka kwa sauti kubwa, Mama Zoé yuko hapa hapa, na yeye asikie —