Kibanio Namba Sitini na Nne

(Ndani ya jalada)

Wewe uliyelifungua daftari hili, nakusihi ulifunge. Kama umeshausoma mstari huu, ishia hapo. Na kama huwezi kuishia hapo, basi neno lisitoke kinywani mwako. Usimwambie dada yangu. Usimwambie mtu wa ofisini wala wa klabu. Kazini bado sijathibitishwa, na sina kingine.

Jumamosi, 5 Julai, asubuhi

Betri tatu zimejaa. Bawa la kushoto nimelibandika upya, gundi imekauka vizuri. Kitabu cha ajali, kalamu mbili, rula. Nimehakiki mara mbili. Dada ananicheka, anasema hata wanaosafiri kwenda Mwanza hawapangi mizigo hivi.

Upepo mdogo. Siku nzuri ya kurusha ndege zetu ndogo za rimoti.

Nikifika uwanjani nitatundika kwanza ubao wa vibanio. Ni vibanio vya nguo tu, kila kimoja kina namba ya wimbi la redio. Wenye rimoti mpya hawavihitaji. Sisi wachache wa rimoti za zamani hatuwezi kurusha bila hivyo. Mimi na Mzee Shomari tuna namba moja, 64, kwa sababu rimoti yangu ilikuwa yake, alinipa. Aliyebana kibanio 64 kwenye antena yake ndiye anayewasha. Mwingine anasubiri. Zikiwashwa zote mbili, ndege iliyo angani haijui imsikilize nani.

Nimewafundisha sheria hiyo wanachama wapya sita.

Jumamosi, 5 Julai, jioni

Niandike kwa utaratibu.

Uwanja wetu uko nyuma ya Mbezi Luis, palipokuwa machimbo ya mchanga. Mama Rehema anauza chai na chapati pembeni, chini ya turubai. Asubuhi alitupokea kama kawaida yake: "Watu wazima na midoli! Wake zenu wanajua mko huku?" Mzee Shomari akamjibu, "Wangu anajua, ndiye aliyenipa nauli nimwondokee." Tukacheka wote.

Mzee alichukua kibanio 64. Akaipaisha ile ndege yake ya njano, yenye mabawa marefu kuliko mtu aliyenyoosha mikono. Alikuwa fundi wa ndege za kweli miaka thelathini. Ana umri wa miaka sitini na tisa. Mikono yake inatetemeka kidogo akishika kikombe. Akishika rimoti haitetemeki.

Mimi nilikuwa kwenye benchi, nyuma yake. Nilitaka kujua kama rimoti yangu imechaji. Antena ilikuwa ndani, sijaivuta. Nilijiambia, antena ikiwa ndani wimbi haliendi popote. Nikawasha. Nikatazama taa. Nikahesabu mpaka tano. Nikazima.

Ndege ya njano ilikuwa inakuja kutua. Ilikuwa chini, karibu na sisi. Iligeuka ghafla kama imeitwa na mtu mwingine. Ikaenda kwenye turubai.

Mama Rehema alikuwa ameinama anapuliza mkaa. Pangaboi la ndege lilimpiga usoni. Damu kwenye unga. Alikuwa halii, alikuwa anauliza tu, "Nini hiki? Nini hiki?"

Lyimo, mwenyekiti wetu, alimpeleka hospitali kwa gari lake, kwanza akipitia polisi kuchukua PF3, fomu ya matibabu ya majeruhi.

Klabu yetu ina desturi. Aliyeangusha ndege haokoti kipande hata kimoja kabla hajasimama mbele ya wenzake na kusema kosa lake, na katibu, yaani mimi, anaandika. Mzee alisimama. Alisema neno moja: "Haikunisikia." Watu wakatazama mikono yake. Hapo ilikuwa inatetemeka kweli.

Kisha akaniuliza, kwa upole, "Elia mwanangu, hukuwasha?"

Nikasema, "Hapana, Mzee. Kibanio si unacho wewe?"

Akakitazama kibanio kwenye antena yake. Akatikisa kichwa kukubali.

Kwenye kitabu cha ajali kuna safu ya sababu. Lyimo alikuwa ameshaniambia dirishani, gari linaondoka: "Andika mikono." Nikaandika: Mikono ya rubani. Kwa herufi zinazosomeka.

Jumapili, 6 Julai

Sikwenda kanisani. Nimemwambia dada naumwa tumbo. Si uongo wote.

Jicho la kushoto la Mama Rehema limetolewa. Lyimo ameandika kwenye group la klabu. Watu wakaweka alama za mikono ya kuomba. Na mimi nikaweka.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba. Ofisi zimefungwa. Watu wanapita barabarani na watoto wao kwenda kwenye maonyesho, nawasikia kutoka chumbani. Nimekaa na rimoti mapajani. Nimetafuta vitabu vyangu vyote vya redio. Kila kimoja kinasema jambo lile lile. Antena ikiwa ndani wimbi linapungua. Halikomi. Ndege iliyo karibu inalipata.

Nilijua. Nadhani nilijua. Nilisoma haya mwaka juzi na nikapigia mstari.

Jumanne, 8 Julai

Polisi wamemhoji Mzee Shomari na kumwachia kwa dhamana. Wanataka taarifa ya klabu kwa maandishi, ikiwa na nakala ya kitabu cha ajali. Siku ya mwisho Jumatatu ijayo. Anayeandika ni katibu.

Nimekosea namba za majalada mawili kazini. Mkuu wa masjala amenitazama juu ya miwani.

Naogopa polisi. Naogopa kufukuzwa. Naogopa uso wa Mama Rehema. Uso wa Mzee naogopa zaidi.

Jumatano, 9 Julai

Nimemwambia Lyimo. Nilimfuata dukani kwake, anauza vipuri vya pikipiki. Nilisema yote bila kupumua. Aliendelea kupanga plagi kwenye rafu.

Akasema, "Elia, hilo hujaniambia."

Nikasema nimekwambia sasa hivi.

"Hujaniambia. Sikia, mdogo wangu. Ikiwa ni mikono, ni ya mzee mmoja, na mzee kila mtu atamwonea huruma. Ikiwa ni rimoti mbili, ni klabu haina usalama. Uwanja tunanyang'anywa. Wewe kazi huna. Na jicho halirudi. Sasa nani kafaidika?"

Nikaondoka. Jambo baya ni hili: nilipofika kituoni nilikuwa nimepata nafuu. Kuna mtu mzima ameniambia ninyamaze. Nilikula vizuri usiku.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeandika rasimu ya taarifa. Ukurasa mmoja na nusu. Kila sentensi ni ya kweli isipokuwa moja.

Ijumaa, 11 Julai

Hospitali. Nilikwenda na maembe. Mama Rehema amefungwa bandeji nusu ya kichwa. Alinijua kwa sauti, kisha akageuza shingo kunitafuta kwa lile jicho moja. Aliigeuza kupita kiasi, kama mtu anayechungulia dirishani.

"Katibu! Umekuja na midoli yako?"

Nilishindwa kucheka. Akasema nisiwe na sura ya msiba, yeye yuko hai. Halafu akasema, "Mwambieni yule mzee aje. Sina kinyongo naye. Uzee ni uzee, mikono haimtii mtu." Akasema amemsamehe.

Amemsamehe Mzee Shomari.

Jumamosi, 12 Julai

Hakuna kurusha leo. Nimekwenda Mabibo, nyumbani kwa Mzee, kumpelekea salamu za mgonjwa. Shikamoo. Marahaba. Hakusimama.

Hajanyoa wiki nzima. Mezani kulikuwa na chai imepoa. Alikuwa anaangalia vidole vyake. Ananyoosha, anakunja, ananyoosha.

Akasema: "Wiki yote nairusha upya kichwani, Elia. Nilidhani nimeivuta kulia. Sasa sina hakika. Labda nilivuta kushoto. Mtu hawezi kujua mkono wake ulifanya nini, kama hautazami."

Ndege zake tatu zilizobaki amewaambia watu waje wazichukue. Redio ya jirani aliyokuwa anaitengeneza ameirudisha ikiwa wazi. Mjukuu wake, msichana wa chuo anayekaa hosteli za hapo Mabibo na kuja kumpikia, ndiye aliyemfunga vifungo vya shati. Si kwamba hawezi. Amekataa kujaribu.

Nimemnyang'anya mikono yake.

Nilifungua mdomo. Nikasema mgonjwa anakusalimu. Nikarudi Mtoni, kwa dada.

Jumapili, 13 Julai

Nimekwenda tena. Safari hii na rimoti kwenye begi.

Mabaki ya ndege ya njano yako uani, kwenye kiroba. Mkia ni mzima pamoja na mota zake ndogo. Nilimwomba ruhusa nikautoa, nikaunganisha kipokeaji chake cha redio na betri yangu, nikauweka mezani mbele yake. Yeye nikampa rimoti yake, ile yenye kibanio. Bado ina kibanio. Hajakitoa tangu siku ile. Nikamwomba awashe, asiguse kitu. Akawasha kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa pasi. Mkia ukatulia.

Nikarudi nyuma hatua ishirini, mpaka kwenye ukuta. Antena ndani. Nikawasha yangu.

Mkia ulirukaruka mezani kama kuku aliyechinjwa. Ulikigonga kikombe kikaanguka. Nikahesabu mpaka tano. Nikazima. Ukatulia.

Nikarudi mpaka mezani. Mjukuu alitoka jikoni kuuliza nini kimevunjika, akatutazama, akarudi ndani.

Mzee akauliza, "Antena ilikuwa ndani?"

"Ndiyo."

"Na kibanio nilikuwa nacho mimi."

"Ndiyo, Mzee."

"Na nilikuuliza."

Nikaiweka rimoti yangu mezani.

Akainua mkono wake wa kulia, akauweka mbele ya macho. Akautazama muda mrefu. Ulikuwa umetulia. Niliona machozi yanashuka kwenye ndevu za wiki, na sikujua ni ya nini, hasira au jambo jingine.

"Toka, Elia," akasema. "Sitaki kukutukana mbele ya mtoto."

Nikatoka.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeomba ruhusa ya siku moja kazini. Sababu: jambo la kisheria. Mkuu wa masjala akauliza la nani. Nikasema langu.

Masjala hatufuti. Ndilo jambo la kwanza tulilofundishwa. Hakuna wino mweupe, hakuna kuchana ukurasa. Ukikosea unakata kwa mstari mmoja, kosa lisomeke, unaandika sahihi juu yake, unatia saini pembeni na tarehe. Atakayekuja aone ulikosea nini na ulirekebisha lini.

Nilifungua kitabu cha ajali. Nikaweka rula. Nikakata Mikono ya rubani kwa mstari mmoja. Juu yake: Katibu aliwasha rimoti ya namba 64 bila kibanio, ndege ya namba hiyo ikiwa angani. Alipoulizwa alikana. Saini. Tarehe.

Herufi si nzuri.

Nimepeleka nakala na taarifa kituoni mwenyewe. Askari alisoma pole pole, kidole kikifuata mstari. Akauliza, "Huyu katibu yuko wapi?" Nikasema ni mimi. Akaninyanyulia macho, akavuta kiti. Wamechukua maelezo kwa saa mbili. Wamebaki na rimoti. Nirudi Alhamisi na mdhamini.

Lyimo ameniondoa kwenye group kabla sijafika nyumbani.

Nimemwambia dada. Amekaa kitandani kwangu, kisha ameuliza kitambulisho chake cha mpiga kura kama kitatosha kunidhamini.

Jumatano, 16 Julai

Hospitali. Nilimweleza Mama Rehema, nimesimama, kama klabuni. Alisikiliza. Akaomba maji. Akanywa yote.

"Basi nimemsamehe asiyehusika," akasema. "Na wewe ulikaa hapo hapo, nikakupa habari za uzee."

Nikasema ndiyo.

"Wewe sijakusamehe. Uelewe hivyo. Maembe yako nilikula."

Jumamosi, 19 Julai

Upepo mdogo.

Polisi wamesema faili litapelekwa mbele, wataniita. Kazini wamenipa barua ya kujieleza. Nimejieleza. Sijui.

Ofisi ya mtaa imeufunga uwanja. Nilikwenda hata hivyo, kuchukua ubao wa vibanio. Turubai la Mama Rehema limelala chini, unga umeganda. Nimeosha masufuria yake kwa maji ya dumu, nimeyakausha, nimempelekea mwanawe.

Mzee Shomari alikuwa pale. Peke yake, mwisho wa uwanja, amenyoa. Hakuwa na ndege. Alikuwa ameshika rimoti yake imezimwa, vidole vikiiendesha taratibu, macho juu. Kulia. Kushoto. Kutua. Sikumsogelea. Alipomaliza alitembea mpaka kwenye ubao, akatoa kibanio kwenye antena, akakirudisha mahali pake. Akapita karibu yangu. Nikasema shikamoo. Hakujibu. Ila alipunguza mwendo.

Nimefungua jalada la daftari hili na kukata maneno niliyoyaandika pale mwanzo. Mstari mmoja, yasomeke. Saini pembeni.

Anayenitafuta: Jumatatu hadi Ijumaa niko masjala mpaka watakaposema vinginevyo, chumba cha mwisho, mlango wa kijani. Jioni niko Mtoni kwa dada yangu, nyumba ya pili baada ya mashine ya kusaga, ulizia Elia karani. Jumamosi asubuhi, kuanzia ijayo, niko Mabibo, upande wa pili wa barabara, mkabala na nyumba ya Mzee Shomari. Sibishi hodi. Nakaa pale mpaka saa sita. Akitaka kunitukana, niko.