Siku ya Mawingu Kwenye Shamba la Jua

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili, baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani na miwani yako, kifua kimetulia, na ule mguu hausumbuliwi sana na baridi ya huko Tukuyu. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho tuliishia kupaza sauti hadi mpangaji mwenzangu akaja kugonga mlango akidhani nagombana na mtu, na jambo la leo si la kupaziwa sauti. Barua nimempa Gwamaka, anasafiri kesho kuja huko, akukabidhi mkononi. Mimi mwilini ni mzima. Ila chakula hakipiti vizuri, na mtu akiwasha pikipiki hapo nje nashtuka kama mgonjwa.

Nakuandikia habari za Lusajo, mtoto wa jirani yetu Mama Lusajo. Hajafa wala haumwi, nianze na hilo. Lakini yuko mikononi mwa polisi tangu Alhamisi, na neno lililompeleka huko nimelisema mimi. Nataka ulisikie kwangu kabla halijapanda huko milimani kwa midomo ya watu.

Siku zote unaniuliza, hivi nyie mnauzaje umeme wakati wenye umeme wapo? Sijawahi kukujibu vizuri. Kampuni yetu ina shamba la paneli kule mbele ya Makutupora, ukishapita mashamba ya zabibu. Umeme wake tunawauzia wenye viwanda. Sasa, umeme wa jua ukishaingia kwenye waya unachanganyika na wa maji na wa gesi, na hakuna fundi duniani wa kuutenga tena. Ni kama maziwa ya ushirika wetu: kila mtu anamimina ndoo yake kwenye tangi moja, na anayenunua kikombe hajui kimetoka kwa ng'ombe wa nani. Kwa hiyo kinachoaminiwa ni mita iliyofungwa pale umeme unapotokea shambani. Mita ikisema kiasi hiki kimetoka, msajili wa umeme wa jua anatoa vyeti vya kiasi hicho hicho. Kiwanda kinanunua vyeti vinavyolingana na umeme kilioutumia, kisha vyeti vinafutwa ili mwingine asivinunue tena. Hapo ndipo kinaruhusiwa kusema bidhaa yake imetengenezwa kwa nguvu ya jua. Ile divai niliyokuja nayo Krismasi ilikuwa ya mteja wetu mkubwa.

Kazi yangu ni kwenda shambani kila mwezi, kusoma mita, kuipiga picha na kumpelekea msajili. Msimamizi wa shamba ni Lusajo. Na unajua Lusajo ni nani kwangu hapa. Yeye ndiye aliyenitafutia hii kazi. Nilipolazwa na homa ya matumbo, yeye na mke wake ndio walioniletea uji, na mama yake akituma ndizi hawali mpaka wamenitolea fungu langu. Watu wa ofisini wanadhani ni kaka yangu wa tumbo moja, na sikuwahi kuwasahihisha.

Jumanne ya wiki iliyopita nilikwenda kusoma mita. Kulikuwa na mawingu mazito tangu asubuhi, yale ambayo Wagogo wakiyaona wanaacha kila kitu kukimbilia majembe. Matawi ya mgunga yalikuwa yameanza kugusa waya unaotoka shambani, kwa hiyo fundi alikata umeme kule kwenye swichi kuu, waya wetu unapoungana na wa gridi, ili matawi yapunguzwe. Paneli zetu zina mashine inayojizima yenyewe umeme wa nje ukikatika. Waya wote ulipaswa kuwa mfu kama kamba ya kuanikia nguo. Aliyepanda ngazi ni Ndahani, mtu wa kijiji cha hapo hapo, baba wa watoto, ambaye kazi yake ni kufyeka nyasi na kuosha paneli. Ni mtu wa utani. Kila nikifika ananisalimu "Mbukwenyi," nami namjibu "Mbukwa" kwa lafudhi ya Kinyakyusa, anacheka mpaka anakaa chini.

Siku hiyo alinisalimu akiwa juu ya ngazi. Nilikuwa nafungua mdomo kumjibu.

Sikuona cheche, baba. Nilisikia kishindo kama cha gunia linaloangushwa kutoka kwenye lori, nikamwona yuko chini, panga limeruka mbali, na mkono wake wa kulia unatoa moshi. Fundi akabaki ameshika kichwa. Alikuwa anarudia maneno yale yale: "Nimekata. Mama, nimekata mwenyewe. Umeme umetoka wapi?" Jua hakuna, swichi imekatwa. Umeme umetoka wapi? Na hapo ndipo nikasikia mngurumo kutoka ghalani. Nilikuwa nausikia kila mwezi. Niliwahi kuuliza, nikaambiwa ni pampu ya kisima cha maji ya kuoshea paneli.

Lusajo alitokea anakimbia. Hakuja kwetu. Alikimbilia ghalani akipiga kelele, "Zima, zima hiyo." Mngurumo ukakatika. Nikajua, na bado nikawa sitaki kujua.

Tulimpakia Ndahani kwenye pikapu, mke wake, Mama Yohana, aliyekuja mbio kutoka kijijini, akampakata nyuma. Lusajo akaendesha, mimi kando yake. Tulipoingia lami akaniambia bila kunitazama, "Tuse, ni radi."

"Hakukuwa na radi."

"Mawingu yalikuwepo. Ukiandika radi, nani atabisha?"

Nikamuuliza mle ghalani kuna nini. Tulipoanza kuona nyumba za mjini ndipo akasema. Wezi walikata nyaya chini ya paneli, karibu nusu ya shamba likafa. Umeme ukipungua vyeti vinapungua, na kiwanda cha divai kilikuwa kimeshasema vyeti visipotimia kinahamia kwa muuzaji mwingine. Nyaya mpya zikachelewa. Akaleta jenereta, akaliunganisha kabla ya mita, iwe kwa wiki moja tu. Wiki zikazaa wiki.

"Unachoma dizeli ili upate vyeti vya jua?"

"Ni hasara tupu, najua. Dizeli ni ghali kuliko umeme wenyewe. Lakini mteja angeondoka na sote tungekosa kazi. Hata wewe."

Baba, nilimtazama nikawa namwona mtu mwingine aliyevaa sura ya Lusajo. Zile picha za mita nilizokuwa nazituma kwa fahari, kumbe nilikuwa napiga picha moshi. Nilitaka kulia, machozi hayakuja. Nilishika tu dashibodi mpaka tukafika hospitali.

Kesho yake meneja wetu aliniita ofisini Makole. Alizungumza kwa upole sana. Akasema nisiwe na haraka ya kuandika chochote, uchunguzi utafanyika, na isitoshe watu wa kijijini wenyewe wanasema ni radi. Nikamuuliza Ndahani atapata fidia gani. Akasema, "Radi ni kazi ya Mungu." Nikatoka. Sikuandika chochote. Nilikaa siku kadhaa hivyo hivyo, naamka, navaa, nakaa kitandani nimevaa.

Alhamisi nikaenda kijijini kwa Ndahani kuwapa pole, na huko ndiko nilikopata mshtuko wa pili. Nilidhani neno radi ni uongo wa kwenye makaratasi. Kule lilikuwa limeshapata mwenyewe. Ndahani ana shangazi yake, Bibi Tabu, mjane, na miezi michache nyuma walikuwa wametofautiana juu ya kipande cha ardhi walichokodisha kwa shamba la paneli. Radi ikimpiga mtu siku isiyonguruma, watu wanauliza nani kaituma. Nilikuta uwanja umejaa. Bibi Tabu amekaa kizingitini kwake, kanga imefungwa kichwani, na wanaume wamesimama mbele yake wengine na fimbo. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa anawasihi, lakini alikuwa anasihi kama mtu anayejua atashindwa. Mdogo wake Ndahani ndiye aliyekuwa anasema zaidi. "Bibi, tuambie tu. Ulikwenda kwa nani?"

Lusajo alikuwepo. Alikuwa ameleta unga na sukari ya kampuni, amesimama kando ya gari. Tulitazamana. Nilimsubiri aseme. Nilimsubiri kweli, baba, kwa sababu lilikuwa lake kusema. Hakusema.

Basi nikasema mimi. Sikumbuki nilianzaje. Nilisema si radi, na bibi hana kosa. Ndahani amepigwa na umeme wa jenereta lililofichwa ghalani, umeme unaosingiziwa kuwa wa jua ili uuzwe. Yule mdogo wake Ndahani akanigeukia. "Wewe ni mtu wao. Kwa nini useme hivyo?" Mwingine akasema nimetumwa kumkinga bibi. Na wote wakamgeukia Lusajo, maana ndiye mkubwa wa pale, na neno lake lingenimaliza. Mwenyekiti akamuuliza, "Bwana msimamizi, huyu dada anasema kweli?"

Angekana, ningebaki peke yangu na maneno yangu, na sijui jioni ile ingeishaje kwa yule bibi. Lusajo akatoa funguo mfukoni, akasema, "Twendeni."

Tukaenda wote, uwanja mzima, kwa miguu, katikati ya paneli. Akafungua ghala mwenyewe. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani, jenereta lile, na mapipa ya dizeli yamepangwa mpaka ukutani, na waya mnene umepita chini ya mlango kuelekea kwenye mita. Bibi Tabu alikuwa ametufuata nyuma, anatembea polepole. Watu wakampisha. Akaingia, akalishika lile bati la jenereta kwa kiganja, akamgeukia mtoto wa kaka yake.

"Hii ndiyo radi yangu?"

Yule kijana akaangusha fimbo. Mwenyekiti akapiga simu polisi, na Lusajo akakaa juu ya pipa kuwasubiri. Hakuna aliyemgusa.

Usiku huo huo niliandika kila kitu kwa msajili. Vyeti vyote vya shamba letu vimesimamishwa mpaka ukaguzi uishe. Kiwanda cha divai nasikia kinabandua lebo kwenye chupa ambazo hazijatoka. Wakubwa wetu wa Dar es Salaam wanasema hawakujua chochote kuhusu jenereta, Lusajo anasema waliidhinisha dizeli. Sijui nimwamini nani, na hilo ndilo linalonitisha, kwamba na yeye pia sijui kama namwamini. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani hadi nitakapoitwa. Sidhani kama nitaitwa.

Ndahani amepoteza vidole viwili vya mkono wa kulia, lakini daktari anasema kiganja kitafanya kazi. Nilikwenda kumwona jana. Kwa kuwa sasa inajulikana ni jenereta, kampuni haiwezi kusema ni kazi ya Mungu, na mwanasheria mmoja wa kanisa amejitolea kumfuatilia haki yake. Ameshaambiwa yaliyotokea kwa shangazi yake. Aliniambia, "Dada, tangu siku ile nalala hapa najiuliza nilimkosea nani." Kisha akanisalimu kwa Kigogo, na nilipomjibu alijaribu kucheka.

Leo kabla ya ibada nilimpelekea Lusajo chai kituoni. Niliogopa atakataa kuniona. Alitoka, amekonda ghafla. Nikamwambia sikuwa na njia nyingine. Akasema, "Njia ilikuwepo, ilikuwa ya kwangu, sikuipita." Nikamuuliza anahitaji nini. Akasema yeye nimwache, mke wake anamwangalia, ila mama yake asiambiwe kwa simu. Ndivyo alivyosema, akanirudishia kikombe.

Nisalimie mama mdogo Atupele, mwambie dawa ya presha asiiruke hata siku moja. Nisalimie kaka Ambokile na shemeji yangu, na watoto wao wote, na yule mchanga ambaye bado sijamshika. Mpe pole mjomba Mwakalinga kwa kufiwa na ng'ombe wake. Mchungaji naye msalimie, lakini hili usimwambie bado.

Baba, nakuomba uende kwa Mama Lusajo wewe mwenyewe, ukishamaliza kusoma, kabla ya soko la Jumanne. Najua itakuwa vigumu. Mwanawe ameshtakiwa na binti yako, na migomba yenu imegusana. Akinilaani, mwache anilaani, usinitetee. Mwambie yaliyotendeka yote, la jenereta na la mkono wa Ndahani, usipunguze. Halafu mwambie na hili, kwamba watu walipomtazama mwanawe, na neno moja tu la uongo lingemwokoa, hakulisema.

Ila ukifika usianze na habari. Omba maji ya kunywa kwanza, umfanye akae.

Mimi mwanao anayekukumbuka,

Tusekile