Golikipa Wetu na Pasi za Hispania

Balangdalalu,
Hanang, Manyara.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Gidion,

Shikamoo yako binti yangu mkubwa Jenifa ameniletea, marahaba. Mgongo unaendeleaje? Uliniambia unainua mizigo siku nzima huko Ujerumani, ghalani Bremen, na jioni huwezi hata kuinama ufunge kamba za viatu. Nakuombea upone. Sisi hatujambo. Mama anatembea tena, goti limetulia. Mvua bado, na upepo wa mlimani unaleta vumbi mpaka ndani ya sufuria.

Sasa salamu zimekwisha. Nimekukasirikia, Gidion, na ninaandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza kila nikianza. Jenifa ataipiga picha barua hii na kukutumia leo leo. Kwenye karatasi utanisikiliza mpaka mwisho.

Jezi nyekundu ulizowatumia wasichana wa timu yetu ya kata zilitufurahisha, na tulikushukuru. Hatukujua kwamba pamoja na jezi ulijituma na wewe mwenyewe kuja kuwa kocha. Tangu wanawake wa Hispania walipochukua Kombe la Dunia, umekuwa ukimjazia kocha wao, mwalimu Sylvester, video kwenye simu yake: golikipa asibutue, aanze na beki, beki ampe kiungo, pasi fupi fupi mpaka golini kwa mwenzako. Sylvester ni kijana mpole. Mtu aliyeleta jezi na mipira akisema jambo, atambishia vipi?

Sina ugomvi na Hispania. Nimewaangalia kwenye televisheni ya dukani kwa Hermani, wanacheza vizuri mno, mpira unawatii. Lakini dunia nzima imepagawa! Siku hizi hata timu za taifa zilizokuwa zinajulikana kwa nguvu na mbio nazo zinataka kugongeana pasi mbele ya goli lao wenyewe. Zinanyang'anywa, zinafungwa, na mtangazaji anasema bado zinajifunza. Bingwa mmoja akishinda kwa namna yake, wengine wote wanaona aibu kushinda kwa namna yao. Hilo linaniudhi siku nyingi, ila nilidhani ni mambo ya televisheni tu, hayatatufikia huku.

Umeusahau uwanja wetu? Ng'ombe wanaukatiza kila siku wakienda kunywa maji. Nyayo walizozamisha wakati wa masika zimekauka ngumu kama matofali. Mpira ukiviringishwa pale, hakuna anayejua utaelekea wapi. Ndiyo maana wasichana wetu hawakuwa wanauviringisha. Golikipa wetu Judica alikuwa anabutua, upepo unaubeba hadi karibu na boksi la wapinzani, na wenzake, ambao wamekulia kwenye kukimbiza ndama, wanaufukuzia. Hakuna beki aliyewaweza kwa mbio. Kwa mchezo huo wakafika fainali ya wilaya bila kufungwa hata goli moja.

Fainali ilichezwa hapa hapa kwetu. Asubuhi yake ukampigia Sylvester simu, ukamwambia wilaya nzima itakuwa inaangalia, awachezeshe mpira wa kisasa. Akatii. Judica alimwomba amwache abutue, akakataa. Nilikuwa nimesimama nyuma ya goli, niliona kwa macho yangu. Judica aliusukuma mpira taratibu kwa beki wake, ukaingia kwenye unyayo wa ng'ombe, ukaruka kando, ukamfikia mshambuliaji wa Katesh miguuni. Goli lilikuwa tupu. Kipindi cha pili ikatokea tena vile vile. Tukafungwa mbili bila, na wale wa Katesh, kwa taarifa yako, walikuwa wanabutua tu.

Kufungwa ningevumilia. Nisichovumilia ni ile sauti uliyotuma jioni kwenye kundi la timu, ambamo wamo wasichana, wazazi, na hata mwalimu mmoja kati ya wanaochagua timu ya mkoa: "Mfumo hauna shida. Shida ni golikipa, hana akili ya mpira, abadilishwe." Hukuwepo uwanjani, Gidion! Huyo golikipa ni binti yangu, na wewe ni mjomba wake. Wenzake waliifungulia sauti ile njiani wakirudi nyumbani, naye akiwa katikati yao.

Amemrudishia Sylvester glovu. Mwisho wa mwezi huu wanachagua wachezaji wa timu ya mkoa wa kwenda Babati, na kila aliyeona zile mechi za mwanzo anasema nafasi ya golikipa ni yake. Lakini mazoezini haendi. Akiitwa, anajibu kwamba mjomba anaujua mpira kuliko yeye. Nikimsikia anasema hivyo natamani hiyo Bremen ingekuwa kijiji cha jirani, nikufuate kwa miguu.

Nimelipeleka jambo hili kwenye kikao cha wanawake. Usicheke. Umekulia hapa, unajua kwamba mwanamume akimdhalilisha mwanamke, kina mama wanakaa peke yao, wanahukumu, na wanamtoza ng'ombe. Kaka Gidabuday alipita akatutania kwamba mpira si mambo ya kikao. Bibi Efrazia akamwuliza, "Aliyetukanwa ni mpira au ni binti?" Kaka akachukua fimbo yake akaenda zake.

Hukumu yako ina sehemu mbili. Ya kwanza ni yule dume wako mweusi uliyekuwa unamwulizia kila wiki na kuomba picha zake. Hatukukusubiri. Jumamosi tulikwenda kina mama wote zizini kwa kaka, tukaimba, tukamtoa, na nyama yake imekwisha. Alikuwa amenona, hongera.

Ya pili ni kwamba utatuma sauti nyingine kwenye kundi lile lile, wasikie wale wale, useme kosa lilikuwa lako na kwamba Judica abutue apendavyo. Ng'ombe tuliweza kumchukua wenyewe. Hilo lazima litoke mdomoni mwako, na siku zimebaki chache. Kila simu ya Jenifa ikilia, Judica anaacha anachofanya na kumwangalia dada yake usoni.

Wanakusalimu Mama, shangazi Lucia, na Kornelia mke wa kaka. Kaka anasema yeye hakushiriki kumtoa dume, ukitaka mwamini. Mungu akutunze huko ugenini, akupe kazi njema na watu wema, na leo akufungue kinywa.

Dada yako akupendaye, na anayesubiri,

Perpetua