Tulivyogeuza Mtumbwi Nzilo

Mjukuu wangu Naomi,

Salamu kutoka Manika. Mama yako ni mzima, na mdogo wako ameanza kuimba kwaya. Umeniuliza kama ni aibu kuogopa mashua huko baharini Muanda, kwa kuwa wenzako wanakucheka.

Nilipokuwa msichana, vijana wa kanisa tulienda kutembea kwenye ziwa la Nzilo. Tulikula samaki, kisha tukapanda mitumbwi miwili. Tulipofika katikati, upepo ukaanza na maji yakaingia. Nilishindwa hata kuomba. Kijana aliyepiga kasia mbele yangu akageuka.

“Béa, mi niko naogopa. Turudiye.”

Wa mtumbwi wa pili wakacheka. “Uko mwanaume ya namna gani?”

Yeye alizamisha kasia upande mmoja. Akageuza mtumbwi, nami nikachota maji kwa sufuria mpaka tukafika ufukoni. Tuliwangoja wale wengine hadi jua likazama. Yaliyowapata sitayaandika.

Kijana yule ndiye babu yako. Mpaka leo radi ikipiga huniambia anaogopa, nami namsogelea.

Waambie wenzako unaogopa, mama. Pengine yuko mmoja anayengoja mwingine aseme kwanza.

Mi nkambo wako,
Béa